Nukta na Mstari: Uhakiki wa Umbo la Kigong'ota wa Mombasa

Umbo lolote lililokomaa hutawaliwa na kanuni chache, na kazi ya mhakiki ni kuzionyesha kanuni hizo zikifanya kazi hata mahali ambapo jicho la kwanza halikuzitazamia. Kigong'ota wa Mombasa, ambaye jina lake la kisayansi ni Campethera mombassica, ni ndege wa misitu na vichaka vya pwani kuanzia kusini mwa Somalia, kupitia Kenya, hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Urefu wake ni sentimita 20 hivi na uzito wake ni gramu 50 hadi 70. Ndani ya kiwiliwili hicho kidogo umepangwa mfumo ambao, ukisomwa kwa utulivu, hujidhihirisha kuwa umejengwa kwa vipashio viwili tu: nukta na mstari. Hoja yangu ni kwamba vipashio hivi haviishii kwenye rangi za manyoya. Vinarudi katika namna ndege huyu anavyopanda mti, anavyokula, anavyolia na anavyochimba makazi yake, na kila vinaporudi hupokezana uongozi. Nitaita unukta ile hali ya rangi, nguvu au sauti kukusanywa mahali pamoja na kwa muda mfupi. Nitaita umstari ile hali ya kitu hichohicho kunyooshwa na kuendelezwa.

Tuanze na manyoya, kwa sababu ndiko mfumo ulikoandikwa waziwazi zaidi. Mgongo una rangi ya kijani iliyochanganyika na dhahabu, na juu yake zimetawanywa nukta ndogo za rangi ya maziwa. Kifua na tumbo ni vyeupe, vikiwa vimepigwa michirizi myeusi inayoshuka kuelekea mkiani. Mpangilio huu una urari wa makusudi kana kwamba umesanifiwa kwa rula: juu kuna alama nyepesi kwenye uwanja wa rangi nzito, chini kuna alama nzito kwenye uwanja mwepesi, juu kuna nukta, chini kuna mstari. Tukikaribia zaidi tunagundua kwamba pande zote mbili zimetumia kipande kilekile cha kujengea, yaani unyoya mmoja mmoja. Mgongoni, doa la unyoya hubaki peke yake, likizungukwa na kijani hata lisigusane na doa la jirani. Kifuani, mchirizi wa unyoya mmoja hupokewa na mchirizi wa unyoya unaofuata, na kwa kupokezana huko jicho huona mstari mrefu ambao kwa kweli hakuna unyoya hata mmoja unaoumiliki. Mstari, basi, ni nukta zilizokubali kushikana. Na nukta ni mstari uliokatwa kabla haujaanza safari.

Athari ya ufundi huu huonekana ndege anapowekwa mahali pake. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioenea kwenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi, mirihi husimama juu ya mchanga mweupe na majani yake madogomadogo huruhusu jua lipenye kwa vipande. Mwanga unaofika kwenye shina huwa na mabaka, na gome lenyewe lina nyufa za wima. Ndege anayening'inia ubavuni mwa shina humwonyesha mtazamaji mgongo wenye nukta, na mgongo huo huingia katika mwanga uliovunjikavunjika; akigeuka upande, michirizi ya kifua huingia katika nyufa za gome. Umbo lake halifichwi kwa kufutwa. Hufichwa kwa kuzidishiwa alama, hadi mpaka kati ya ndege na mti uwe mgumu kuamuliwa, na hii ni mbinu ngumu kuliko kujipaka rangi moja na kutulia.

Kichwani ndipo mahali ambapo mfumo huu huruhusu hisia. Dume ana paji na utosi vilivyonyunyiziwa nukta nyekundu, kisogo chekundu kabisa, na mchirizi wa shavuni uliochanganywa na wekundu uleule. Jike ana utosi wa kijani-dhahabu wenye nukta za rangi hafifu, bila wekundu paji la uso wala shavuni, lakini kisogo chake ni chekundu kama cha mwenzake. Tofauti ya jinsia imewekwa mahali padogo mno, na haikuhitaji umbo jipya: ramani ya nukta ni ileile, kilichobadilishwa ni wino. Msomaji wa mashairi yetu ataitambua kazi ya kisogo hicho chekundu, kwa maana kinafanya kazi ya kina cha mwisho: mishororo miwili inaweza kuanza kwa maneno tofauti kabisa, lakini inapotua katika sauti moja sikio huiunganisha kuwa ubeti. Dume na jike hutofautiana kuanzia paji hadi utosini, kisha hukutana kisogoni.

Usomaji wa alama ndogo kama hizi umewahi kuamua hadhi ya ndege huyu katika elimu. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1884 na Gustav Fischer, daktari na msafiri Mjerumani aliyekusanya ndege wengi katika eneo letu, akishirikiana na Anton Reichenow wa jumba la makumbusho la Berlin. Baadaye wataalamu walimchukulia kuwa nususpishi ya kigong'ota mkia-dhahabu, Campethera abingoni, ndugu yake aliyeenea mbali zaidi barani Afrika. Kilichomrudishia nafasi yake kamili ni ushahidi wa umbo: mgongo wake una dhahabu zaidi na alama zake ni nukta chache na ndogo, na mlio wake una muundo wake mwenyewe. Hapa uhakiki wa umbo haukuwa pambo la kuongezwa baada ya maarifa kukamilika. Kuhesabiwa kwake kama spishi kulitegemea mtu kuuliza nukta ina ukubwa gani, imekaa wapi, na sauti ya kwanza imevutwa kwa muda gani.

Kutoka kwenye rangi tuingie kwenye mwendo, ambako vipashio vilevile huacha kuwa picha na kuwa kazi. Kigong'ota hupanda shina kwa miruko mifupi, kila mruko ukifuatwa na kituo. Kwa mbali tunaona mstari wa wima. Kwa karibu tunaona mfululizo wa nukta. Nyayo zake zimeundwa kwa kazi hii, vidole viwili vikielekea mbele na viwili nyuma, ili gome likamatwe kutoka pande zinazopingana. Lakini miguu peke yake ingemwacha ndege akianguka kinyumenyume. Tegemeo la tatu ni mkia, ambao nyuti za manyoya yake ni ngumu na zenye kupinda kidogo, na katika spishi hii nyuti hizo zina rangi ya dhahabu. Ndege anapotua, ncha za mkia hukandamizwa kwenye gome, na miguu miwili pamoja na mkia huunda pembetatu inayobeba uzito wote. Mstari wa safari yake umejengwa kwa pembetatu hizi zinazovunjwa na kuundwa upya.

Ustadi wa mkia huu hudhihirika zaidi unapofika wakati wa kubadilisha manyoya. Ndege wengi huanza kuangusha manyoya ya katikati ya mkia, kisha hufuata ya pembeni. Vigong'ota wamegeuza utaratibu huo: manyoya mawili ya katikati, ambayo ndiyo hubeba mzigo mkubwa, hubakizwa mahali pake hadi mengine yameota tena na kukomaa, ndipo nayo huanguka. Mpangilio wa wakati umetumikia mpangilio wa nguvu. Hakuna siku ambapo ndege anaachwa bila tegemeo, na ukarabati wa umbo zima hufanyika huku umbo hilohilo likiendelea kutumika. Ninauona huu kuwa miongoni mwa usanifu bora kabisa katika mwili wa ndege, kwa sababu uzuri wake hauonekani katika sehemu yoyote ukiitazama peke yake. Umekaa katika mfuatano.

Pigo la mdomo ndilo unukta katika hali yake kali kuliko zote, kwani nguvu ya mwili mzima hupelekwa kwenye ncha moja kwa muda mfupi usiopimika kwa macho. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba ndani ya fuvu la kigong'ota kuna kifaa cha kupunguza mshindo, na maelezo hayo yalipendwa hata yakaigwa na wabunifu wa kofia za kujikinga. Mwaka 2022, Sam Van Wassenbergh na wenzake walichapisha katika jarida la Current Biology uchunguzi wa video za mwendo wa kasi za vigong'ota wa spishi tatu za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wakaonyesha kwamba kichwa hufanya kazi kama nyundo ngumu, bila kiungo cha kulegeza pigo kati ya mdomo na ubongo. Kinachomlinda ndege ni udogo wa ubongo wenyewe, ambao kwa ukubwa na umbo lake hustahimili mishtuko ambayo ingemdhuru mnyama mwenye ubongo mkubwa. Matokeo hayo yana mantiki ya kiumbo inayoridhisha. Kichwa kinachonyonya mshindo kingepoteza sehemu ya pigo, na ndege angelazimika kupiga kwa nguvu zaidi ili kufidia alichokipoteza. Ukali wa nukta hauna kipoza. Umekubaliwa wote, na umewezekana kwa sababu umewekwa katika kipimo kidogo.

Hata hivyo, jenasi ya Campethera haiishi kwa kupiga mti kwa nguvu. Vigong'ota wa jenasi hii kwa jumla hula sisimizi na mchwa, na namna yao ya kutafuta chakula ni kudonoa kwa wepesi, kubandua gome lililolegea na kuchokoa nyufa. Hapo ndipo umstari huchukua nafasi kutoka ndani ya kinywa. Ulimi wa kigong'ota ni mrefu kuliko taya linaloubeba, na swali la mahali pa kuuhifadhi limejibiwa kwa namna ambayo mtu asiyeiona angedhani ni hekaya: mifupa myembamba inayoushikilia hugawanyika pande mbili, huzunguka nyuma ya fuvu chini ya ngozi, hupanda juu ya utosi na kurudi mbele kuelekea paji. Misuli inapovuta mifupa hiyo, ulimi huteleza nje hadi kina ambacho mdomo haukuweza kukifikia, ukiwa umelowa mate yenye kunata. Mstari mrefu umekunjwa ndani ya kichwa kidogo, na lengo lake la mwisho ni nukta: sisimizi mmoja gizani, mwishoni mwa njia iliyopinda. Pigo la mdomo liliufungulia ulimi mlango, na ulimi ukamaliza kazi ambayo nguvu haikuweza kuimaliza. Kila kipashio hapa hufika mwisho wa uwezo wake na kumkabidhi mwenzake zamu.

Mtu aliyezoea sifa za jumla za vigong'ota atashangazwa na sauti ya ndege huyu kwa jambo moja: ni nadra kumsikia akipiga mti kwa ajili ya kutangaza. Ukoo wake umepata umaarufu kwa milio ya kupiga mfululizo kwenye matawi makavu, ambayo ni ishara ya umiliki na ya uchumba, na ambayo inapaswa kutofautishwa na mapigo ya kula na mapigo ya kuchimba. Kigong'ota wa Mombasa ameiacha mbinu hiyo kwa kiasi kikubwa na kuipa koo kazi ambayo wengine wameupa mti. Mlio wake huanza kwa sauti moja ndefu ya puani, inayovutwa na kupinda, kisha hufuatwa na sauti fupifupi za kukatwa, moja baada ya nyingine, hadi zikome. Ni muhali kuusikia muundo huo bila kuona kwamba ndio ule uliochorwa mwilini: kwanza mstari, halafu nukta. Sauti ndefu huvuta usikivu wa msitu na kuutengenezea nafasi. Sauti fupi huijaza nafasi hiyo kwa vipimo vinavyolingana. Mpangilio ukigeuzwa, nukta zikatangulia na mstari ukafuata, mlio ungekuwa na tabia ya kungoja na kuhitimisha. Kama ulivyo, una tabia ya kudai kisha kuthibitisha, na hiyo ndiyo tabia inayomfaa mwenye eneo lake.

Kutoka mti hadi mti, mwendo wa angani nao una sarufi ileile. Vigong'ota hupiga mabawa mara chache kwa haraka, hupanda kidogo, kisha huyafunga na kushuka, halafu hupiga tena. Njia inayochorwa hewani ni wimbi moja endelevu, lakini injini yake ni mafungu ya mapigo yaliyotengana. Sitakaa hapa kwa muda mrefu, kwa sababu mruko huu ni mali ya ukoo mzima; naugusa ili ionekane kwamba hakuna mahali ambapo mfumo umelegea.

Tundu la kutagia ndilo kazi pekee ambayo ndege huyu huiacha nje ya mwili wake, na kwa hiyo linastahili kusomwa kama maandishi yake ya wazi. Vigong'ota huchimba katika mbao zilizokufa au zilizoanza kuozeshwa na kuvu, ambako nyuzi zimelegea lakini ukuta bado unaweza kusimama. Mlango ni duara dogo linalotosha mwili wa mwenyewe. Baada ya hapo chumba hakiendelei mbele. Kinageuka na kushuka chini ndani ya shina. Nukta upande wa nje, mstari upande wa ndani: anayetazama kwa nje anaona alama moja isiyosema chochote juu ya kina kilichofichwa nyuma yake. Kugeuka huko kwa njia ndiko kunakokinga mayai dhidi ya mvua na kumpa adui kazi ngumu zaidi. Ndani hakuna majani wala manyoya yaliyotandikwa. Mayai, ambayo ni meupe na yanayong'aa, hulala juu ya vibanzi vilivyobaki kutokana na uchimbaji, na weupe wake unaeleweka, kwa kuwa gizani hakuna jicho la kudanganywa kwa rangi. Ndege ambaye mwili wake wote umeandikwa alama hutaga mayai yasiyo na alama hata moja. Pambo limeondolewa mahali ambapo halina kazi, na kuondolewa huko kunathibitisha kwamba kwingineko halikuwekwa kiholela.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kabla sijafunga hoja. Mtu anaweza kusema kwamba nukta na mistari ni vitu vya kawaida mno, kwamba mhakiki akishaamua kuvitafuta atavikuta kila mahali, na kwamba ndege hana nia ya usanii. Kuhusu nia, nakubali mara moja, wala hoja yangu haikuiegemea: kilichoupanga mwili huu ni uteuzi asilia, ambao huhifadhi umbo linalofaa na kuliacha lisilofaa. Lakini ukweli huo unalipa umbo uzito zaidi, kwa sababu kila sehemu iliyodumu imelazimika kulipia gharama ya kuwapo kwake. Kuhusu kuviona kila mahali, jibu liko katika uhusiano wa vipashio, wala si katika kuwapo kwake. Ndege wengi wana madoa, na wengi wana michirizi. Kinachomtambulisha huyu ni kwamba vyote viwili vimegawiwa pande zinazopingana, kwamba tofauti ya jinsia imepitishwa katika rangi ya alama za kichwa pekee bila kuugusa mstari wa kifua, na kwamba mlio unafuata mpangilio maalumu kutoka kirefu kwenda kifupi. Mambo haya yangeweza kuwa vinginevyo. Kigong'ota mgongo-kijani, Campethera cailliautii, ambaye ni mdogo zaidi na hupatikana pia katika misitu ya pwani, ana nukta kifuani mahali ambapo mwenzake ana michirizi. Majirani wawili wa jenasi moja wamepewa vipashio vilevile na kuvipanga kwa namna mbili, na tofauti ya namna hiyo ndiyo mada halali ya uhakiki.

Kutokana na usomaji huu linafuata jambo la kivitendo ambalo naliona kuwa zito. Umbo nililolieleza lina sehemu isiyo ndani ya ndege, nayo ni mti uliokufa ukiwa bado umesimama. Bila mti huo mdomo hauna pa kuandika tundu, mkia hauna kazi yake kamili, na ulimi unapoteza makundi ya wadudu wanaoishi katika mbao zinazooza. Matundu yakishaachwa na wachimbaji wake huwa nyumba za wengine wasio na uwezo wa kuchimba: bundi wadogo, popo, mijusi na nyuki. Misitu ya pwani imebaki vipandevipande, kuanzia Arabuko-Sokoke na Shimba Hills hadi misitu ya makaya ya Wamijikenda, na ndani yake mti mkavu ndio wa kwanza kutolewa, kwa kuwa huonekana kuni zilizo tayari na haumhuzunishi mtu kama anavyohuzunishwa na kukatwa kwa mbambakofi ulio hai. Ndiyo maana ulinzi wa msitu unaohesabu miti mibichi peke yake unaweza kufanikiwa katika takwimu na bado ukamwacha kigong'ota bila mahali pa kutagia. Miti iliyokufa wima inastahili kuingizwa katika hesabu ya msitu, kutiwa alama, na kuachwa isimame hadi ianguke yenyewe, kwa kuwa ni sehemu ya ndege huyu kama zilivyo nyuti za dhahabu za mkia wake.